Nzumari Nyuma ya Pazia

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nimepewa ukurasa wa muziki. Mimi! Miaka ishirini na saba ya mahakama, bunge la kaunti na mafuriko. Kijana aliyekuwa akiuandika amepata kazi Nairobi. Gillian, mhariri wangu aliye Mombasa, alisema kwa simu ni wiki chache tu. Sikubishana. Habari ni habari.

Leo nimesikiliza nyimbo kumi na nne za vijana wa huku pwani ya kusini. Hawana kampuni, wamerekodi vyumbani. Kumi za kutupa. Wahudumu wa hoteli ya Diani wamerudia wimbo wa zamani wa harusi – safi, hauna jipya. Remiksi mbili za kuchezea, basi.

Wa kumi na nne ulinisimamisha jikoni, mwiko mkononi.

Unaitwa "Pasi". Hip-hop. Dakika tatu na sekunde kumi na mbili. Msanii ni Kibwana wa Bongwe, anapiga pasi katika chumba cha dobi hotelini na ndiyo anayoyaimba:

Nanyoosha shuka la mgeni, jina lake silijui,
atalala, ataondoka, na langu halitambui.

Hapigi kelele. Anasema tu. Na chini ya sauti yake kuna nzumari – ya kweli, ya ngoma ya sengenya, imetolewa kwenye kaseti kuukuu, mkwaruzo wake unasikika. Nzumari haipumui! Nimepima kwa saa: sekunde arubaini na moja bila kukatika. Wimbo wote umeegemea hapo.

Nani anayepuliza? Hakuna palipoandikwa.

Jumatano, 6 Agosti

Bongwe, kwa kina Kibwana. Miaka ishirini na minne, mwembamba, viganja vina alama za kuungua. "Shikamoo, mama." Ana adabu. Mama yake, Twaiba, alituletea chai na viazi vitamu, akarudi ndani.

Kaseti aliichukua kwenye sanduku la mama yake bila kumwambia. Ni ya harusi ya mama huyo, mwaka 1998, siku ya ngoma ya wanawake. Nikamwuliza aliomba ruhusa ya nani. Akasema, ni ya zamani hiyo, mama, haina mwenyewe.

Nikamwambia: aliyepuliza alikuwa na mdomo, na mdomo ulikuwa na jina.

Jina lipo juu ya jalada, kwa kalamu ya buluu: Sanga. Nilikwisha kulisikia. Mpiga nzumari wa Msambweni, amefariki miaka tisa sasa. Ngoma ya ndani, hii ya wanawake, wanaume hawaingii, ila nzumari ni kazi ya wanaume. Basi mpigaji huketi nyuma ya pazia, uso ukutani, mgongo kwa wanawake. Anasikia miguu, haoni mtu.

Nikampigia Ramadhani, mwanawe mkubwa wa Sanga. Akathibitisha: ni baba. Anajua habari za wimbo – amekwisha kutia saini karatasi ya ruhusa kwa Japheth, mwenye studio, aliyeliona jina lile jaladani.

Japheth nimempata Ukunda, chumba nyuma ya saluni. Mtu wa bara, mchangamfu. "Aki madam, toa hiyo nzumari uone. Biti inabaki maji matupu." Jumamosi tarehe 23 kuna shoo Diani, alasiri. Waandaaji wa ziara ya pwani nzima watakuja kuchagua wasanii wawili. Kibwana ana wimbo mmoja tu wa kuwaonyesha. Ndio huu.

Ijumaa, 8 Agosti

Imetoka. Kichwa: "Pumzi ya Marehemu Sanga Yarudi na Hip-hop". Maneno mia sita. Gillian amefurahi. Ramadhani amenunua nakala tano.

Jumatatu, 11 Agosti

Simu, saa nne asubuhi, nambari nisiyoijua. Mwanamke. Nyuma yake sufuria zinagongana.

Akasema nimeandika vizuri, ila nimemsifu mtu ambaye siku ile hakuwako. Mzee Sanga alikuwa kitandani kwake, ana kichomi, hawezi hata kukohoa. Nikauliza: sasa nani aliyepuliza?

"Mimi."

Jina?

"Mbeyu. Mbeyu Sanga, bintiye." Akakata.

Katika kazi hii nimefanya makosa makubwa matatu. Yote nayakumbuka kwa tarehe. Huenda hili ni la nne.

Jumanne, 12 Agosti

Msambweni. Mbeyu anauza mbaazi na mahamri kando ya barabara. Miaka arubaini na sita, buibui limekunjwa mikono. Nilijitambulisha. Akaniambia nikae, sufuria iishe kwanza.

Nikakaa. Mteja mmoja, dereva wa bodaboda, akamwuliza mbona leo hamri dogo. "Hamri ni lile lile, wewe ndiye umezidi tumbo." Nikaona: huyu si mtu wa kutetemeka.

Saa tano unusu tukaenda uani kwake. Akatoa nzumari kwenye mfuko wa unga. Ulimi wa nzumari, ule wa kupulizia, ni mpya, wa jani la mti wa mvumo, ameukata wiki iliyopita. Ina maana hakuacha kupuliza! Akaulowesha mdomoni, akapuliza. Mashavu yakajaa, hewa inaingia puani na sauti haikatiki. Saa yangu: sekunde hamsini na tatu. Jirani akapiga kelele ukutani, "Haya, Mbeyu, nyoka wametusikia!" Akacheka, akaendelea.

Alijifunza kwa kumsikiliza baba yake akifunza wana wa kiume. Ramadhani hakuweza – alikuwa akizimia. Yeye aliweza, shambani, peke yake. Siku ya harusi ya Twaiba baba akaumwa. Ngoma bila nzumari ni aibu kwa bibi harusi. Mbeyu, miaka kumi na tisa, akaingia nyuma ya pazia kabla watu hawajafika. Wote wakadhani ni Mzee Sanga. Mzee mwenyewe alipopata nafuu akapokea pongezi, akanyamaza.

Nikamwuliza anataka nini. Akasema: "Urekebishe."

Nikamwambia nimemsikia, lakini kujua kupuliza leo si ushahidi wa 1998. Hakununa. "Basi tafuta, dada. Si ndiyo kazi yako?"

Ndiyo kazi yangu.

Jumatano, 13 Agosti

Nimesikiliza kaseti nzima, pande zote mbili. Mara tatu.

Kwenye sengenya mcheza mpya akiingia uwanjani, ngoma humpokea, nzumari ikafuata. Lazima iwe hivyo: mpigaji ameangalia ukuta, hajui nani ameingia mpaka ngoma zimwambie. Nilimsikia hivyo Sanga mwenyewe, utotoni.

Kaseti hii ni kinyume. Mara saba nzumari inabadilika kabla ya ngoma. Mcheza anapigiwa vigelegele, na tayari nzumari imekwisha kumpokea. Mara moja inasita katikati, wanawake wanacheka – mtu amejikwaa – kisha nzumari nayo inamcheka.

Mpigaji alikuwa akiwaona.

Mzee Sanga asingegeuza shingo. Wangemfukuza, na asingeitwa tena nyumba yoyote. Mwanamke hana cha kukatazwa.

Nimempigia Mbeyu: uliona vipi? Akajibu hata salamu sijamaliza. "Nilitoboa pazia kwa pini. Nilikuwa msichana, ulidhani ningeangalia ukuta?"

Nahitaji shahidi wa pili.

Alhamisi, 14 Agosti

Bongwe tena. Safari hii sikumwita Kibwana. Nilimwomba mama yake aketi.

Twaiba akafuta mikono, akaketi. Nikauliza moja kwa moja: siku ya harusi yako nani alikuwa nyuma ya pazia?

"Mbeyu. Mimi ndiye niliyemfungia pazia, na hina bado mbichi. Tulisoma darasa moja."

Mbona hukuniambia? Nilikaa hapa saa nzima.

"Hukuniuliza, dada. Uliniambia chai imekolea."

Naandika hapa ili nisisahau. Ngoma ya wanawake. Mwenye harusi ananimiminia chai. Mimi, mwanamke, nikapiga simu Msambweni kumwuliza mwanamume ambaye hakuruhusiwa hata kuukaribia mlango! Hakuna aliyenidanganya. Ramadhani alisema anachokijua. Kosa ni langu.

Twaiba hakuwahi kusema kwa sababu aliahidi. Sasa Mbeyu mwenyewe amesema, ahadi imekwisha.

Ijumaa, 15 Agosti

Ramadhani, barazani kwake. Nilimweleza yote kwa utaratibu. Akasikiliza mpaka mwisho. Mtu mpole. Kisha akasema baba yao aliheshimika pwani yote kwa ngoma ile, na leo watu waambiwe ilikuwa ya bintiye? Na mwanamke na nzumari – wazee wa ngoma watasemaje? "Ukiandika, mwandishi, naifuta ruhusa. Kijana atafute filimbi nyingine."

Jioni simu ya Kibwana. Amekwisha kuambiwa. Hakulia, ila sauti ilikuwa ndogo. "Mama, nakuomba. Gazeti lile ni Ijumaa, shoo ni Jumamosi. Sahihisha wiki inayofuata. Wiki moja tu."

Nikamwambia kosa nililijua jana, na likilala linakuwa uongo. Toleo la tarehe 22, si baadaye.

Nikamwambia jambo la pili, la kisheria, kwa kuwa ndilo la maana kwake. Karatasi ya Ramadhani inatoa ruhusa ya pumzi ya baba yake. Baba yake hakupuliza. Karatasi ile ilikuwa bure tangu siku ya kwanza. Mwenye ruhusa ni mmoja, na anauza mbaazi Msambweni.

"Kwa hiyo nikamwombe yeye?"

Nenda mapema, mahamri hayajaisha.

Jumatatu, 18 Agosti

Kibwana alikwenda na mama yake. Twaiba na Mbeyu walishikana mikono, hawakuachiana mpaka chai ikapoa. Kibwana alipiga magoti, akaomba radhi kwa kuchukua bila kuuliza.

Mbeyu hakutaka karatasi. Alitaka kusikia wimbo wote, mara mbili. Akasema mashairi ni mazuri, ila nzumari imekatwa vibaya: wameweka pumzi mahali ambapo yeye hakupumua.

Sharti lake: Jumamosi apulize mwenyewe, jukwaani. Kaseti ikae nyumbani.

Jumatano, 20 Agosti

Mazoezi, studio ya Japheth. Joto. Dakika kumi za kwanza ni vurugu – biti ya kompyuta haisubiri mtu, na Mbeyu hasubiri kompyuta. Japheth akashika kichwa. "Mama, unaenda mbele ya beat!" Mbeyu akajibu: "Basi iambie ikimbie."

Kibwana akazima kompyuta. Akapiga meza kwa viganja, polepole, akaanza kusema mashairi yake akimwangalia mashavu. Wakapatana mara ya tatu. Nimesikia nyimbo nyingi mwezi huu. Nilichosikia leo si remiksi wala marudio, sijui kiitwe nini. Nitaandika tu kilivyokuwa.

Ramadhani amempigia Japheth simu: jina la dada yake lisipotajwa na uso wake usipoonekana, hatakuja kumtoa jukwaani. Japheth ameona njia. Pazia! Watu watasikia nzumari, mpigaji haonekani. Amelitafuta jekundu, la satini. "Hata kwa show inakaa fiti." Kibwana alimtazama Mbeyu. Mbeyu alikuwa akifunga ulimi wa nzumari kwenye kitambaa.

Ijumaa, 22 Agosti

Sahihisho limetoka. Ukurasa wa pili, juu. Gillian alitaka kuliweka chini ya matangazo, nikakataa. Nanakili:

"Toleo la tarehe 8 Agosti lilieleza kuwa nzumari iliyo katika wimbo 'Pasi' ilipulizwa na marehemu Sanga. Si kweli. Ilipulizwa na bintiye, Mbeyu Sanga wa Msambweni. Mwandishi hakuwauliza waliokuwapo. Kosa ni la mwandishi, Hasina."

Ramadhani amepiga mara nne. Ya tano nikapokea. Hakutukana. Aliuliza tu shoo inaanza saa ngapi. Nikamwambia. Singeweza kumficha, imeandikwa kwenye mabango.

Jumamosi, 23 Agosti

Naandika nikiwa hapa hapa, Diani, kiti cha pembeni, daftari juu ya goti.

Saa kumi na dakika arubaini. Watu kama mia tatu. Vijana wa Ukunda, wafanyakazi wa hoteli na sare zao, wazungu wachache. Mstari wa mbele wanawake wa Bongwe na Msambweni, wamekuja na Twaiba, mikoba mapajani. Sikutegemea kuwaona. Waandaaji wa ziara, watu wawili, wako mkono wa kulia na karatasi zao.

Wasanii watano wamepita. Wanne nimekwisha kuwasahau.

Sasa Kibwana. Shati jeupe, limenyooka – bila shaka! Pazia jekundu limetundikwa nyuma yake kwa pini nne kubwa. Mbeyu ameingia kwa nyuma, nimeona viatu vyake chini ya upindo. Mshereheshaji anasema: Kibwana wa Bongwe, na... Anaangalia karatasi yake. Hakuna kitu. Anamwangalia Japheth, Japheth anaangalia spika.

Ramadhani yupo. Langoni, kanzu, gazeti la jana limekunjwa kwapani. Hajaingia. Tumeonana. Ameinamisha kichwa, salamu tu. Nami nimemrudishia.

Nzumari haijaanza. Watu wananong'ona. Mwandaaji mmoja anaangalia saa.

Mkono umetoka pembeni mwa pazia. Mkono wa mwanamke, buibui limekunjwa. Unapapasa juu, umeifikia pini ya kwanza. Imetoka. Twaiba amesimama. Wenzake wanasimama naye, mmoja mmoja, wanaanza kupiga makofi yale ya ngoma ya ndani, polepole.

Pini ya pili.

Kibwana amegeuka, ameona. Ameweka kipaza sauti chini, amekwenda kumsaidia ile ya tatu, haifikiki.

Pazia linaning'inia kwa pini moja. Mshereheshaji amenijia mbio, ameinama sikioni: madam, wewe unamjua, nimwite nani?

Nimemwandikia kwenye kipande cha karatasi, herufi kubwa, majina yote mawili. Ramadhani ameingia langoni. Hatua tatu, amesimama. Gazeti sasa liko mkononi. Mbeyu ametia ulimi wa nzumari kinywani, anaulowesha, macho kwa kaka yake, mashavu yanajaa –