Bati Lililotobolewa Kinyume

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha uani.
Jumapili, tarehe 14 Septemba.
Asubuhi: mawingu mazito, upepo, mvua bado haijaamua.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba kile kifua kilichokusumbua mwezi uliopita kimetulia. Shemeji hajambo? Na watoto, wameizoea shule mpya? Sisi huku tunapumua, ila siwezi kuandika kwamba sote hatujambo. Mdogo wetu amevunjika mkono wa kulia, mifupa yote miwili chini ya kiwiko. Mama atakuambia bati lilimwangukia. Halikumwangukia. Nilimpiga mimi, kwa nyundo.

Ninanakili kutoka kwenye daftari langu la kila siku, nisipunguze wala kuongeza.

Unalikumbuka gari lake lililokuja vipande vipande kwenye makreti, aliunge mwenyewe. Miaka miwili sasa uani hapaanikwi nguo. Mwezi huu lilibaki jambo moja kubwa kabla ya kuwasha injini: ukuta wa bati unaosimama kati ya injini na miguu ya dereva, ili moto ukitokea mbele usiingie ndani. Lililokuja kwenye kreti lilikuwa jembamba kama kifuniko cha sufuria. Nikamwambia sitaki kumzika kwa ajili ya bati. Akakubali tutengeneze la chuma.

Kupima ni kazi yangu, unanijua. Nilikata kiolezo kwenye boksi la friji, nikatoboa tundu la usukani, matundu ya pedali na njia ya nyaya. Nikaandika JUU kwa kalamu nene. Halafu, nikiogopa mikono yenye grisi itafuta maandishi, nikageuza boksi nikaandika JUU upande wa pili pia.

Alhamisi akaja fundi wa kuchomelea, yule tunayemwita Cheche. Chuma hakikatwi kwa upole, Dada. Grainda, ile mashine ya diski ya kukatia chuma, ilipiga kelele tangu saa tatu asubuhi. Ukingo wa bati ulinichana kiganja, damu ikamwagika juu ya mistari ya chaki. Walilikunja kwa nyundo juu ya kipande cha reli, kila pigo likitikisa vyombo jikoni. Saa tisa kasoro walilipachika, likakaa kingo zote kama limezaliwa pale. Wakapiga riveti ishirini na nne za kulikaza, wakaziba mianya kwa gundi isiyoungua. Mdogo wetu akacheza uani kama bwana harusi.

Kisha akaleta nguzo ya usukani aipitishe. Ikagonga chuma kitupu. Tundu lilikuwa upande wa abiria.

Cheche akacheka. "Pole, Injinia! Kumbe kwenye gari lako anayeendesha ni abiria, wewe unamshikia mkoba?"

"Umekata kinyume, mjinga wewe!"

"Nimekata boksi mlilonipa. Mimi nachomelea, sipigi ramli."

"Bati utalinunua."

"Nitanunua kwanza akili, nikupe nusu."

Mimi nilikuwa nimesimama na boksi mkononi. Nililigeuza: JUU. Nikaligeuza tena: JUU. Hakuna mahali nilipoandika upande upi unatazama injini. Ukililaza hivi au vile, boksi linakukubalia, na bati linaingia vilevile. Nilijua papo hapo kosa ni la nani. Nikafungua kinywa, nikakifunga. Mtu anayesifiwa kwa kutokosea huona aibu ambayo wengine hawaijui.

Mdogo wetu akamtwanga Cheche begani kwa nguzo ya usukani. Cheche akamrudishia ngumi ya pua, damu ikaruka mpaka kwenye kioo cha gari. Wakaanguka juu ya makreti, mbao zikavunjika. Mdogo wetu akawa juu, goti kifuani mwa mwenzake, na mkono wake ukaikuta grainda, bado ina umeme. Akaiwasha.

"Nina watoto!" Cheche alipiga yowe. Diski ikamfungua shavu, kutoka sikioni hadi karibu na mdomo.

Hata hapo sikusema kosa ni langu. Nilisema "Acha!" tu, nikaokota nyundo. Pigo la kwanza liliangusha grainda. La pili sijui lilikuwa la nini. Niliusikia mfupa kabla ya kumsikia yeye.

Ijumaa, akiwa na plasta mpaka kwapani, alikwenda polisi kusema Cheche ndiye aliyemvunja. Wakamchukua Cheche kitandani kwake, ana nyuzi kumi na saba usoni. Mama akaja chumbani kwangu.

"Wewe nyamaza, mwanangu. Yule si ndugu yetu."

"Na shavu lake, Mama?"

"Litapona. Huyu ni mdogo wako wa tumbo moja."

Jana Jumamosi nilikwenda kituoni na daftari. Afisa akaniuliza, "Mama, umekuja kujishtaki?" Nikamwambia nimekuja kusema nani alishika nyundo. Jioni wakamwachia Cheche. Alinipita kwenye ngazi bila kunitazama, na sikumlaumu. Alhamisi ijayo tunatakiwa kituoni wote watatu.

Leo baada ya chai nililiweka boksi mezani mbele ya mdogo wetu, nikamwonyesha pande zote mbili. Akaligeuza mwenyewe, mara mbili. Kisha akanipiga kofi kwa mkono wa kushoto, na jingine, na jingine, mpaka Mama akamvuta shati. Mdomo wangu umepasuka. Sikuinua mkono.

"Ungesema pale pale," akasema. "Ungesema tu, nisingeiwasha ile mashine."

"Najua."

"Hujui kitu wewe."

Akatoka. Sasa ninapoandika namsikia uani, anaching'oa kile chuma kwa nyundo, mkono mmoja, riveti zinaruka na kugonga ukuta wa chumba changu. Mama anasema Alhamisi niseme nilichanganyikiwa, kwamba bati ndilo lililoanguka. Atakupigia simu umsaidie kunibembeleza. Naomba usimsaidie. Mwambie tu kwamba umesoma mwandiko wangu. Na kama umenikasirikia, nikasirikie kwa lile pigo la pili na kwa kunyamaza, si kwa kwenda kituoni.

Msalimie Shemeji, wabusu wanao, wale mapacha, na yule binamu anayeishi nanyi mwambie viatu vyake bado ninavyo. Mungu akufunike, wewe na nyumba yako, na mikono ya wanao isijue mambo kama haya.

Mdogo wako akupendaye, hata usipoweza kunijibu,

Mimi, wa katikati.

Jumatatu, kabla ya kwenda posta: nyundo ilinyamaza saa nne usiku. Nilipotoka, bati lilikuwa chini, limepondwa, na yeye amekaa juu yake amekumbatia plasta. Nikakaa kando yake, naye hakunifukuza. Nimeingia kulala saa nane na dakika kumi usiku.