Silikoni ya Bafu kwenye Mshono wa Buti

Alhamisi, jioni. Joto la kubana, mawingu mazito, na mvua haijaamua. Mimi pia nilichelewa kuamua leo, na nataka kuandika ilivyokuwa kabla sijaanza kujitetea.

Gari letu ni stesheni wagoni ya zamani, limemzidi umri binti yangu aliye chuoni. Kwa wiki mbili limekuwa kwenye magereji ya Kisenyi, kwa Okello, fundi bodi aliyewahi kuwa mwanajeshi, ambaye humwita kila mteja afande. Amekata sakafu ya buti na ubavu wa nyuma vilivyoliwa na kutu, akachomelea mabati mapya. Jumamosi hii nilikuwa nimpeleke mama Busia, kwenye ibada ya kumkumbuka baba. Tangu avunjike nyonga hawezi kuketi safari ndefu, kwa hiyo tunalaza kiti cha nyuma, tunatandika godoro, naye analala kichwa kikielekea buti.

Chini ya buti hupita bomba la moshi.

Leo mchana nilifika gereji nikanusa siki. Nimeandika gazetini habari za magari mabovu vya kutosha kuijua harufu hiyo: silikoni ya bafu. Inapokauka hutoa asidi inayoamsha kutu kwenye chuma kitupu, na rangi haishiki juu yake. Okello alikuwa ameshaipaka mshono wote wa kushoto, bila hata praima, ile rangi ya kwanza ya kukinga chuma. Aliogopa mvua. Tena nilikuwa nimempigia simu mara tatu asubuhi kumharakisha.

"Afande, hii inaziba mpaka bafu," alisema. "Kama maji haipiti, moshi itapita wapi?"

Nikamwambia itabanduka.

"Itabanduka mwaka gani? Hii gari unaendesha ama unaoa?"

Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu hoja yake haikuwa ya kijinga. Kwa safari moja ya Jumamosi, pengine ingeshika. Gundi inayofaa, ile ya mishono ya bodi, nilishaipata duka la pili kutoka pale. Lakini muuzaji alikuwa amenieleza wazi: silikoni yote ikwanguliwe, chuma kisafishwe, praima ikauke, ndipo gundi ipakwe, nayo iachwe siku nzima. Ijumaa kazi, Jumamosi kukauka. Ibada ingetupita.

Nilisimama na mrija wa ile gundi mkononi nikilipima neno "pengine". Ni neno nisilolikubali kwenye habari ya mtu mwingine.

Sasa sehemu ngumu.

Kila tulipomsafirisha mama mwaka huu alilalamika kichwa na kichefuchefu. Mara ya mwisho, tulipokuwa tumeipita Jinja, nilimwita akashindwa kunijibu mpaka tuliposimama na kufungua milango. Nikasema ni uzee. Nilimwambia yeye mwenyewe, mbele ya mke wangu. Sakafu ya buti ilipokatwa wiki iliyopita nikaona tundu la ukubwa wa ngumi, na upande wa ndani, chini ya zulia, masizi. Pale pale kinapolala kichwa chake.

"Toa yote," nilimwambia Okello.

"Yote? Basi mama apande boda."

Lakini alikuwa ameshachukua kisu cha kukwangulia. Yale masizi aliyaona kabla yangu.

Nimerudi nyumbani Lubaga nikamweleza mama kwamba Jumamosi hatuendi. Nilitarajia machozi, au ule ukimya wake. Alipunguza sauti ya redio kidogo tu.

"Baba yako hana haraka," alisema. "Mwenye haraka siku zote ni wewe."

Akaipandisha tena.

Nilimweleza habari za silikoni na praima, kwa urefu, kama mtu anayejaza ukurasa. Habari za masizi sikumwambia. Kazi yangu ni kuwauliza watu walijua nini, na walijua tangu lini. Mimi nimejua kwa siku nane.

Mvua imeanza. Gari liko chini ya turubai, mshono wake uko wazi, na usiku wa leo hilo halinisumbui sana.

Kesho asubuhi, kabla ya kwenda Kisenyi, nitaketi kitandani pake nimwambie haukuwa uzee.