Hewa ya Miaka Laki Nne

Gisenyi, 19 Septemba 1999

Kaka Hakimu,

Salamu kutoka nyumbani. Shule imefunguliwa na nimeingia mwaka wa nne.

Barua yako ya Kifaransa imefika, kurasa tatu zote za barafu ya ncha ya kusini. Nimeelewa kwamba huko kwenye maabara yenu mnaiponda ndani ya chombo kisicho na hewa, viputo vinapasuka, halafu mnapima kaboni na methani ya miaka laki nne iliyopita. Nilimweleza Baba kuwa methani ni ile gesi iliyo chini ya ziwa letu. Alisikiliza kwa adabu, akasubiri.

"Bon, na mi? Ameniandikia nini?"

Hukumwandikia kitu. Mama ana miezi mitano kaburini, hukuja kumzika, na katika kurasa tatu hukumtaja. Baba hajui Kifaransa, na siku hizi kifua kinambana mpaka cherehani ameiacha. Niliitazama karatasi, nikasoma maneno ambayo hayakuwemo: "Baba, nisamehe sikuja kumzika Mama. Ninamkumbuka kila siku."

"Soma tena pale."

Nikasoma mara tatu.

"Kumbe iko na roho, huyu mutoto," akasema huku akilia. "Mi nilizani barafu imemugandisha."

Anataka nikuandikie kwamba amekusamehe. Nimeandika kama alivyosema. Mimi, niliyeisoma barua yote, sijakusamehe.

Mdogo wako,
Rayhana