Mazishi Yangu Niyapakie Vipi Yafike Mwanza Mazima?

Dada Kudra,

Kwa miaka kumi na tisa nimemficha mke wangu mazishi yangu. Yako mezani, katika chumba cha nyuma hapa kwetu Katubuka, na ufunguo ninalala nao. Mimi ni mwalimu mstaafu, nina miaka themanini na tatu, moyo umechoka, na siku hizi daktari hanipangii tena tarehe ya kurudi, kwa hiyo naomba unisaidie upesi.

Miaka michache baada ya kustaafu nilianza kuchonga watu wa mti, kimo cha kidole gumba, nikawapaka rangi kwa brashi nyembamba, kwanza kwaya, halafu majirani, halafu wachimba kaburi, na kabla sijajua nini kimenipata nilikuwa na watu themanini na sita, jeneza, masufuria na turubai, kila mtu mahali pake, kwa sababu nimehudhuria misiba mingi ya mtaa huu na najua inavyoharibika, watu wanakaa hovyo, na Thobias, ambaye kwenye msiba wa kaka yangu alikula sahani tatu, nimemweka mbali kabisa na masufuria. Mke wangu Bibiana anaamini chumba kile kina mitihani ya zamani.

Sasa nataka vyote vimfikie binti yetu Yusta aliye Mwanza, maana ndiye atakayesimamia siku hiyo, apange watu kama nilivyowapanga. Tatizo ni kuwapakia. Mara ya kwanza nilijaribu na watu sita, nikawafukia kwenye dagaa wakavu wa Katonga, nikiamini kwamba boksi lililoandikwa dagaa wa Kigoma hakuna mpakiaji wa basi atakayelitupa, na kweli lilifika salama, ila Yusta, kama yeyote anayepokea dagaa kutoka nyumbani, aliwagawia majirani kwanza. Akanipigia simu: "Baba, shikamoo. Dagaa nimewapata, ila wana watu." Mwenyekiti wa mtaa alikutwa kwenye mchuzi wa nyanya, koti limechujuka lote. Mara ya pili nilitumia pamba wakati rangi haijakauka vizuri, na kwaya nzima ikafika na ndevu nyeupe, hata akina mama wa sauti ya kwanza, ikabidi Yusta awarudishe wote niwapake upya. Niwafunge na nini, mwanangu? Majina yetu unaweza kuyaandika. Bibiana hasomi ukurasa wako, huanza na matangazo ya vifo na kuishia hapo hapo.

Mzee Ignas, Katubuka

*

Shikamoo, Mzee Ignas.

Kwa moyo, pole sana. Kwa dagaa sikupi pole. Mwalimu mzima unamtumia mtu dagaa wa Kigoma, halafu unategemea awakague mmoja mmoja kabla ya kuwakaanga? Shukuru Mungu mwenyekiti hakumezwa.

Rangi iache ikauke wiki mbili, paka vanishi, iache ikauke tena. Kila mtu mviringishie tishu laini, na wale wachimba kaburi usiwabane majembe, yatakatika. Tafuta trei sita za mayai: tatu za kuwasimamisha, kila mtu shimo lake, tatu za kuwafunika. Zifunge kwa kamba, zitie kwenye boksi, na boksi hilo litie ndani ya boksi kubwa lenye vipande vya godoro pande zote. Kisha litikise. Ukisikia mtu anatembea humo ndani, fungua uanze upya. Juu andika USIGEUZE. Usiandike kitu kinacholiwa.

Lakini, mzee wangu, umenitajia kwaya, wachimba kaburi, na Thobias na sahani zake. Mama Yusta amekaa wapi? Barua yako nimeisoma mara mbili, simwoni. Tena kazi hii inataka mikono isiyotetemeka, na ya kwako nimeiona kwenye mwandiko. Kabla hujafunga hata mtu mmoja, mpe mke wako ufunguo. Mpe leo.

Kudra

*

(Mzee Ignas, baada ya kupata jibu letu, alituandikia tena kabla ukurasa huu haujachapwa.)

Dada Kudra, nimempa. Aliingia, akavaa miwani, akawatazama wote polepole, halafu akaanza kucheka.

"Baba Yusta, Thobias wa watu umemtupa huku uani kama kuku?"

"Ndiyo."

"Na huyu ni jirani yetu Shadia anayelia hivi? Umempendelea. Shadia atakuja na kanga mpya, alie kidogo karibu na kamera, basi."

Nikasema nitampunguzia machozi. Akainama karibu na jeneza, akawapitia kwa kidole wanawake waliokaa kwenye mikeka, mmoja mmoja, mpaka akafika kwenye mkeka mtupu.

"Hapa anakaa nani?"

"Wewe."

"Mbona sipo?"

Nikamwambia kwamba nimemchonga mara nne, na mara zote nne nimeishia kwenye uso, nikamtia jikoni pamoja na kuni. Tumeoana miaka hamsini na sita, sijawahi kumwona akilia, hata siku tulipomzika mama yake, na sijui kama kwangu atalia.