Herufi za Baba Kwenye Msalaba

Kwako ndugu yangu Mutua,

Wi museo? Mimi niko mzima, baridi ya huku Hamburg nimeizoea. Mama yetu Mwaitu anaendeleaje na magoti yake? Mahindi ya Kathiani yamefika wapi? Sasa kaa chini, kwa sababu niko na hasira na wewe na sitaificha.

Nimeona picha ya msalaba wa kaburi la baba. Aka, Mutua! Mzee aliandika majina kwenye misalaba ya nusu ya Mumbuni, halafu yeye unambandikia herufi nene zimevimba kama mandazi? Nililia kazini mbele ya watu.

Unazijua herufi zake. Nyembamba, unene mmoja kutoka juu hadi chini, kila moja imesimama kwa vimiguu vya mraba. Alizizoea akichora ramani za pampu za maji, mahali ambapo nambari ikisomwa vibaya bomba linapasuka. "Herufi isipige kelele," alikuwa akituambia, "isomeke tu." Akaziandika kwa duka la dawa, kwa matangi, kwa misalaba, mkono uleule.

Hizo ndizo nimechora huku kazini kwa kompyuta miaka mitatu nikifuata picha za mabango yake. Leo ziko kwenye mashine za kupimia damu na kwenye michoro ya mainjinia. Mkubwa wangu alitaka kuzinenepesha, eti zinaonekana zina njaa. Nikamwambia hizo ni za baba yangu, hazitanenepa mbele yangu. Wazungu wanazisoma kila siku, na mwenyewe amelala chini ya mandazi!

Fundi wa mabango uliyempelekea jina la baba, lile nililokutumia nikiwa nimelipanga kwa herufi hizo, amenipigia. Anasema nilituma jina bila kutuma faili la herufi zenyewe, kwa hivyo kompyuta yake ikaweka zile ilizokuwa nazo. Ni kweli. Mimi, ambaye herufi ndizo kazi yangu, nilisahau. Imeniuma kuliko ile picha.

Lakini wewe ulisimama pale ukaona! Baba alikushika mkono na brashi tangu darasa la tatu. Mimi nilikataa, nikakimbilia kusoma. Mbona ulinyamaza? Uliogopa kumwambia dada mkubwa amekosea?

Kaburi linajengewa simiti mwisho wa mwezi, na baada ya hapo msalaba hautoki tena. Sasa sitatuma kitu. Bandua hiyo takataka, piga rangi nyeupe, chukua brashi yake ndogo iliyo kwa mkebe wa Mwaitu, uandike wewe mwenyewe. Piga mistari miwili ya penseli kama yeye, ukimaliza uifute. Mimi niliiga tu kwa kompyuta, Mutua. Mkono wake uko kwako.

Msalimie Mwaitu, shangazi yetu wa Katangi, na mke wako, ambaye najua alikukataza kubandika hayo mandazi ukakataa kusikia.

Nitumie picha. Nikiona vile vimiguu vimesimama, nitanyamaza.

Dada yako, ambaye bado amekasirika,
Mwende