Buti Mlangoni mwa Msikiti

Mjukuu wangu Zuhura,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Shangazi yako kajifungua mapacha, nyumba nzima tunacheka.

Umeuliza kama niliwaogopa Wajerumani. Sana! Nilikuwa karani wao. Siku moja nilimpeleka bwana mmoja Kilwa Kisiwani kutazama msikiti wa kale, uliojengwa na watu waliohamia kutoka Shirazi. Bibi aliyekuwa akifagia akaniambia, "Mwambie avue buti."

Niliogopa viboko, nikajifanya sikusikia.

"Karani, huna ulimi?" bibi akauliza.

Nikavua viatu vyangu tu. Bwana akanitazama, akaketi, akavua vyake. Soksi ilikuwa imetoboka, kidole gumba kikichungulia.

Bibi akacheka. "Karibu, baba. Waliojenga hapa nao walikuja wageni."

Hayo nikayatafsiri yote, bila kutetemeka.

Babu yako, Lindi