Paa la Jirani Lilitembea

Muzee,

Shati yako ya kazi, Mama ameifua mara tatu tangu tukuzike, na madoa meusi hayatoki. Ni rangi ile uliyorusha kwa burashi kwenye ule ukuta mweupe pale mtaa wa Himbi, ukicheka kwamba umeuambukiza surua. Nilikueleza: apareye inapiga picha asubuhi, inapiga tena jioni, halafu ordinateri, ile kompyuta yangu, inatafuta kila doa limesogea wapi. Ukuta ukihama hata nusu milimetre, tutajua. Ukawatangazia mafundi wote, "Huyu mutoto nilimufundisha kubeba tofali, leo anapima kwa macho ya mashini."

Wewe ulikuwa na uzi wako wa kupimia, jiwe limefungwa chini. Siku ya ine ya kupima, tukiwa wawili tu, ulisema, "Huu ukuta unatembea." Nilikucheka. Nikasema, "Muzee, uzi unachezewa na upepo. Picha inasema ziro." Ukakunja uzi, ukautia mufukoni, ukaingia chini ya ukuta kuziba ufa, na ukuta ukakuangukia. Ulikufa kwa kuniamini mimi. Ujinga gani huo, wewe uliyejenga tangu sijazaliwa?

Sasa sikia. Miguu ya apareye niliisimamisha juu ya sakafu ya sima, saruji ngumu, maana kwenye makoro, haya mawe yetu ya volkano, ilikuwa inayumba. Sakafu hiyo ilishikana na ukuta. Ukuta ulipoinama, sakafu iliinama nao, na apareye pia. Kwa hiyo kwenye picha ukuta umesimama, lakini paa la jirani, pale pembeni mwa picha, linahama kila siku. Nililiona, Muzee. Nikasema paa haliwezi kutembea, ni kosa la mashini. Nikaikata ile pembe ya picha.

Mwenye nyumba ile ameandika katika rapore ya ajali kwamba uliingia bila ruhusa. Nilisaini. Mama anasikia watu wakisema kanisani kwamba kiburi ndicho kilichokuua, halafu anarudi nyumbani, ananipakulia sombe, ananiita mutoto uliyemwachia. Nami nakula.

Jumapili nitamuwekea Mama picha nzima mezani, pembe haijakatwa, nimuonyeshe paa. Akinifukuza, ana haki.

Pumzika, Muzee, wala usiniombee. Pamoja na picha nitamrudishia uzi wako. Niliutoa mufukoni mwako kabla watu hawajafika, wasijue kwamba wewe ulipima sawasawa.